Kabla Kahawa Haijachemka

Gyumri, Januari. Theluji imeziba kitasa
cha shule ya muziki; nakikwangua kwa ufunguo wa gari.
Nimekuja na kidude cha ukubwa wa kidole gumba,
ndani yake mna mfumo mpya wa kompyuta,
umeundwa upya, walisema, tangu kiini hadi rangi.
Katibu Shoghakat akakitazama
kama mtu aletewaye posa kutoka ukoo asioujua.

Ule wa zamani aliishi nao miaka kumi na mmoja.
Ulikuwa mzito wa kuamka, kama kijana siku ya Jumapili:
aliuwasha, akateleka kahawa, akamgongea Hripsime ukutani,
wakanywa, wakapindua vikombe, wakasomeana mashapo:
safari, mgeni, barua ya heri.
Hapo ndipo kioo kilipopiga chafya na kusema, Karibu.

Kazi yangu ilichukua saa mbili na robo.
Alipobonyeza, kioo kikang'aa papo hapo.
Sekunde tisa! Nilihesabu kwa sauti, nikijigamba
ungedhani nimeuzaa mimi.
Kahawa haikuwa imetoa hata povu.
Hripsime aliingia akamkuta mwenzake yuko kazini.
"Basi nitarudi," akasema, akaondoka na kikombe kikavu.

Sitausingizia: una mema yake.
Herufi hukua ukitaka zikue,
na macho ya Shoghakat yameanza kuingia ukungu.
Humsomea majina ya wanafunzi kwa Kiarmenia safi,
ingawa "Nvard" hulitamka kama anayemeza mfupa.
Umeme ulipokatika saa sita nilishika kichwa:
barua ya kuomba ruzuku, kurasa nne, haijahifadhiwa.
Uliporudi, barua ilikuwa pale pale
hadi mkato wa mwisho, kishale kikipepesa
kama mtu aliyekatizwa akauliza: tulikuwa wapi?
Shoghakat akajifunga upya kitambaa chake. Kwake hiyo ni sifa.

Lakini.
Kitufe cha kuanzia kimetoka pembeni, kimekaa katikati;
mkono wake unakwenda kushoto unagusa hewa,
kama ulimi unaotafuta jino lililong'olewa.
Amri ya kuchapa imefichwa nyuma ya vitone vitatu.
"Vitone vitatu ndio nini? Mtu aliyeshindwa kumaliza sentensi?"
Printa iliyochapa vyeti vya nusu ya mji,
mfumo unaapa haujawahi kuiona.
Na kwa kila jambo dogo unadai nywila, kisha namba kwenye simu,
na simu iko kwenye koti, na koti liko ghorofa ya chini.

Kubwa zaidi sikulijua mpaka aliponyamaza.
Kwenye kioo cha zamani alipanga alama zake kama nyumba:
fidla karibu na dirisha, piano ukutani,
na pembe ya juu, peke yake, faili moja: "Varazdat",
fundi wa piano, marehemu,
orodha ya nyuzi alizokusudia kuzibadilisha theluji ikiyeyuka.
Hakuwahi kuifungua. Alitaka tu iwe pale.
Mfumo mpya umezinyoosha zote safu moja,
Varazdat kati ya ankara za umeme na viti vibovu.

"Umeninyooshea nyumba," akasema,
"nami nimepotea ndani yake."

Nikatafuta. Mipangilio ndani ya mipangilio,
mlango ndani ya mlango, dakika arobaini,
hadi kijisanduku kisichozidi punje ya dengu: Panga mwenyewe.
Walikuwa wamekiacha. Labda mmoja wao ana mama mzee.
Akaikokota faili kwenda juu. Ikateleza.
Akairudisha. Ikakaa.

Printa sikuiweza. Niliandika namba yake kiganjani.

Nilipokuwa navaa glavu aliinuka,
akateleka kibirika, akagonga ukuta mara mbili.
Mfumo ulikuwa macho, tayari kwa lolote,
sekunde tisa zake zimekwisha kitambo.
"Ngoja," akauambia.
Na kioo, kilipoona hakuna anayekigusa,
kikafifia, kikalala.